Sauti Nyuma ya Kochi

Siku hizi mtu akija dukani kuniomba nikampigie video ya msiba humwambia mgongo unaniuma, na si uongo mtupu. Mwezi uliopita hakuna aliyeniomba. Nilipanda bodaboda mpaka Matogoro kumzika Skolastika, ambaye sisi wa rika lake tulimwita Skola, nikakaa na wanaume wenzangu kwenye viti vya plastiki, mikono mitupu, tukamsikiliza katekista akisoma wasifu wa marehemu. Alibatizwa, akasoma mpaka kidato cha nne, akajifunza cherehani, akaimba kwaya sauti ya kwanza, akauza chakula karibu na stendi miaka mingi, akaugua, ameacha watoto wawili. Katekista akaikunja karatasi yake. Mimi nikawa bado nasubiri. Filamu haikutajwa. Kwa watu wote waliokuwa chini ya turubai lile, ni mimi tu niliyeweza kusimama na kusema kuna jambo limerukwa, na sikusimama. Nilipokea sahani ya ugali na maharage, nikala, nikamaliza, nikaaga.

Habari za wazazi wangu na shule niliyosoma nitaziacha, hazina tofauti na za watu wengine. Ninaoutaka ni mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka ishirini na sita na kamera ndogo ya kanda niliyoipata kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Nilipanga chumba mtaa wa Mfaranyaki, hapa Songea, mlango wa tatu katika nyumba ya vyumba sita. Kulikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili, na msumari wa kutundikia kamera, kwa sababu chini palikuwa na panya na unyevu. Nilikuwa napiga video za harusi na kipaimara. Skola alikuwa anajifunza ushonaji kwenye baraza ya jirani, na mchana alivuka kuja kwangu tule pamoja, yeye akileta mboga na mimi nikisonga ugali. Watu walisema ni mchumba wangu. Hakuwa. Nilipenda kula naye kwa sababu alikuwa hawezi kusimulia jambo akiwa amekaa. Akikueleza habari ya mteja aliyekuja kulalamikia gauni, alinyanyuka, akawa mteja, akawa fundi, akawa gauni lenyewe lililobana, na ugali ukapoa.

Wakati ule kila mtaa ulikuwa na watu wanaotaka kuwa mastaa. Filamu za Dar zilikuja kwa basi, zikaonyeshwa kwenye vibanda vya video, na asubuhi yake vijana wa Songea walitembea kama walivyotembea wale kwenye filamu. Kwa kuwa nilikuwa na kamera, waligonga mlango wangu kila siku. Mmoja aliniletea picha zake za pasipoti. Mwingine alilia palepale mlangoni, machozi ya kweli, ili nione kwamba anaweza. Baada ya huyo wa machozi kuondoka, Skola alifunga mlango, akakaa chini, jambo lililonishangaza.

"Kaka Longino," alisema, "tutengeneze filamu ya watu wanaotengeneza filamu."

"Nani atataka kuiangalia?"

"Hao hao. Watajiona." Kisha akanyanyuka, kama ilivyo ada yake. "Kuna Madamu Dairekta. Anataka kupiga filamu ya mapenzi, ya watu wawili tu. Hana nyumba, anaazima nyumba. Mwenye nyumba anasema, sawa, lakini mimi nitacheza. Anaazima gari. Mwenye gari naye anataka kucheza. Anaazima suti, mwenye suti yumo. Mwisho wamekuwa watu arobaini kwenye filamu ya watu wawili. Na mwenye kamera naye anasema, jamani, na mimi sijacheza. Anaiacha kamera, anaingia. Wote wako mbele, wanafurahi, nyuma ya kamera hayupo mtu. Upepo unaigeuza. Inapiga mti."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Siku ile na zilizofuata aliyaandika yote kwenye daftari la vipimo vya nguo, upande huu kiuno na mabega ya watu, upande huu maneno ya Madamu Dairekta. Madamu Dairekta alikuwa yeye, hilo halikuhitaji kusemwa. Alikuwa na namna ya kutoa amri kwa sauti ya chini, ya mtu aliyekwisha kukasirika zamani na sasa amechoka tu, ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Nasema hivi leo kwa sababu wakati ule niliichukulia kama kitu cha kawaida, kitu cha mchana na maharage.

Sasa, filamu ya Kiswahili ya miaka ile isingeweza kuwa filamu bila sebule yenye makochi. Mtazamaji alisamehe kila kitu, sauti mbovu, picha ya giza, lakini asipoona makochi alijua ameibiwa. Sisi tulikuwa na kitanda kimoja na ndoo mbili. Mfaranyaki nzima nyumba yenye sebule ya kufaa ilikuwa ya Mama Rukia, mfanyabiashara wa vitenge aliyehamia kutoka Tanga, mwenye vigae sakafuni, kabati la vioo, na makochi makubwa mekundu yaliyovikwa vitambaa vya kufuma. Tulikwenda Jumapili mchana, mimi nimevaa shati la harusi, Skola na daftari lake. Alitukaribisha kwa pilau, akatujazia sahani mara mbili, akatuuliza hali ya wazazi wetu mmoja mmoja kana kwamba anawajua. Ninapokumbuka nyumba ile nakumbuka harufu ya iliki na jinsi makochi yalivyotumeza, tukawa tunakula magoti yakiwa juu ya tumbo. Nikamweleza shida yetu. Alisikiliza, akaitikia, Alhamdulillahi, vijana wenye akili, nyumba ni yenu wanangu. Halafu akapangusa mikono taratibu.

"Na Rukia wangu atakuwa nani humo?"

Rukia alikuwa binti yake, ameketi kwenye zulia karibu na mlango, msichana wa miaka ishirini, mpole, aliyekuwa hajasema neno tangu shikamoo ya mwanzo aliyonipa bila sababu, maana hatukupishana sana. Alimtazama mama yake kwa woga. Nilisema tutamtafutia nafasi nzuri, jirani, rafiki wa staa.

"La, mwanangu. Hapa ni kwake. Mtoto hawi jirani nyumbani kwake." Alisema kwa upole tu, huku akinyoosha kitambaa cha kochi. "Huyo mwenye filamu, huyo Madamu. Huyo ndiye Rukia."

Kama kuna dakika moja ya ujana wangu ningeweza kurudishiwa, ningeomba hiyo, na si kwa sababu ningekuwa shujaa, ila walau nimtazame Skola kabla ya kujibu. Sikumtazama. Niliangalia makochi, kabati la vioo, mwanga mzuri uliokuwa unaingia dirishani, nikaona picha itakavyotoka. Nikasema, "Hakuna shida, mama." Skola aliweka kijiko chini. Alimshukuru Mama Rukia kwa chakula, akasema kimekuwa kitamu sana, na alikuwa amebakiza nusu.

Tuliporudi alitembea mbele yangu mpaka karibu na kwangu, kisha akaanza kucheka, na mimi mjinga nikafarijika.

"Umeona tulichofanya?" akasema. "Tumecheza sini ya kwanza ya filamu, na kamera iko msumarini."

"Si ndiyo hadithi yenyewe," nikamwambia. "Inakuwa kweli zaidi."

"Ni kweli zaidi, ndiyo." Akaacha kucheka. "Na mimi nitakuwa wapi?"

Jibu lilitoka kwa Rukia mwenyewe, Jumapili ya kwanza ya kupiga, kwa kuwa maneno hayakumkaa. Alijitahidi, masikini. Alikariri jioni nzima, akifika mbele ya kamera yote yanayeyuka. Baada ya saa mbili za kurudia sini moja alianza kutokwa na machozi, mama yake akasema mwacheni apumzike, na Skola akavua viatu, akaenda kupiga magoti nyuma ya kochi kubwa na daftari lake. Rukia akakaa mbele. Nikasema akshen. Skola akanong'ona mstari, Rukia akausema. Akanong'ona mwingine, Rukia akausema. Tukamaliza sini mbili kabla ya alasiri, na tangu hapo ndivyo tulivyofanya kazi, Jumapili baada ya Jumapili, katika baridi ile ya Juni na Julai ambapo vigae vya Mama Rukia viliuma nyayo. Skola alijifunika kanga mbili mabegani. Sini zikihama nje alijificha nyuma ya gari, nyuma ya pipa, mara moja nyuma ya mbuzi aliyekuwa hatulii. Mwenye gari alipewa nafasi ya mchumba, ingawa alikuwa na wajukuu. Mwenye suti alikubali kuiazimisha kwa sharti aivae mwenyewe, kwa hiyo akawa mchumba wa pili. Jioni tulikula kwa Mama Rukia, sote, na Rukia alikuja jikoni akamwambia Skola kwa sauti ya chini, "Dada, nisamehe. Mimi nilitaka kushona tu." Skola akamwambia aje barazani Jumatatu atamfundisha, na kweli alimfundisha. Chuki wala haikuwepo, na labda ndiyo maana nilijidanganya kwamba mambo yako sawa.

Maiki ilikuwa ile iliyomo ndani ya kamera. Nilikuwa nimezoea harusi, ambako muziki hufunika kila kitu, na sikuwa na spika za masikioni. Kwa hiyo niligundua nilipokaa kuunganisha picha kwenye kompyuta ya rafiki mmoja mwenye duka la steshenari, kwamba kamera ilikuwa imesikia yote. Katika kila sini mstari ulisemwa mara mbili. Kwanza ulikuja mnong'ono, wazi kabisa, wenye hasira yake ya uchovu, kila neno mahali pake, halafu ukaja tena kwa sauti ya Rukia, mkavu, kama mtoto anasoma tangazo. Nilishika kichwa. Miezi mitano ya kazi. Nilimwita Skola aje asikie maafa. Alisikiliza sini tatu, mkono mdomoni.

"Ipeleke kibandani hivyohivyo," alisema. "Tuone."

Mwenye kibanda cha video alitupa Jumamosi mchana, saa ambayo hapakuwa na mpira. Walikuja watu kama sitini, wengine wamesimama, wakati ule masuku, matunda yetu ya porini, yameanza kuiva na kila mtu alikuwa na mfuko wake, maganda chini kila mahali. Sini ya kwanza walinyamaza, hawakuelewa. Ya pili mwanamke mmoja mbele akaguna. Ya tatu, Madamu Dairekta anamwamuru mwenye suti alie, mnong'ono ukatoka nyuma ya kochi, na kibanda kizima kikapasuka kwa kicheko kabla Rukia hajafungua mdomo. Akaufungua, akasema yaleyale, wakacheka mara ya pili, zaidi. Wakaelewa kwamba filamu ya watu wanaoazima vitu imeazima hata maneno. Kutoka pale walikuwa wanausubiri mnong'ono. Mzee mmoja akasema kwa nguvu, "Huyo wa nyuma ndiye mwenye filamu," na watu wakaitikia. Kamera ilipogeuka ikaanza kupiga mti, walipiga makofi kwa mti.

Nilimtafuta Skola. Alikuwa amekaa benchi la mwisho, suku mkononi halijamenywa, na machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Nilimsogelea nikachuchumaa karibu yake.

"Usiiondoe," alisema.

"Nini?"

"Sauti. Hata ukipata mtambo wa kuiondoa."

"Siiondoi."

"Sema tena."

"Skola, siiondoi."

Nilimaanisha. Wiki tatu baadaye nilimpelekea nakala msambazaji mmoja wa Dar kwa mkono wa mtu wa basi, nikapiga simu kila siku kutoka kibanda cha simu mpaka yule mwenye kibanda akaanza kuniuliza habari za filamu. Msambazaji alipopokea hatimaye alikuwa mchangamfu. Ndani ya filamu yetu alikuwemo msambazaji pia, mtu wa suti anayenunua filamu bila kuzitazama, akizipima kwa uzito mkononi, na nilikuwa na hofu kwamba atakasirika. Hakukasirika. Hakujiona.

"Nzuri, ndugu, mapenzi mazuri," alisema. "Ila filamu yako ina jini."

"Jini?"

"Kuna mwanamke ananong'ona mwanzo mpaka mwisho. Wateja watasema ni ya majini. Tuiuze ya majini?"

"Hapana, ni ya vichekesho, mzee. Huyo ndiye—"

"Vichekesho bila mchekeshaji? Sikiliza. Weka kinanda juu yake, kizito, cha huzuni. Nyanyua sauti ya binti. Ukishindwa, niachie, nina filamu mia hapa."

Ningeweza kusema sitaki. Niliwahi kujitetea kwamba nilikuwa kijana, kwamba nilitaka mji mzima uone, kwamba Skola mwenyewe angefaidika. Ukweli ni kwamba nilitaka jina langu liwe kwenye kava. Nilirudi kwenye kompyuta, na kwa siku nne nikatafuta kila mnong'ono nikaukata, na pale uliposhikana na sauti ya Rukia nikaufunika kwa kinanda. Nilipaswa kuusikiliza kila mmoja kabla ya kuuua. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote maishani mwangu. Mwezi uliofuata nikapata kazi tatu za kipaimara kwa mpigo, kanda mpya zikaadimika, nikazichukua zile kanda za filamu nikapiga juu yake maaskofu, keki na watoto wenye taji za maua. Zote, pamoja na nakala ya kibandani; ile ya Dar haikurudi.

Filamu ilitoka. Kava lilikuja na bunduki na helikopta, wakati ndani hamna hata pikipiki, na Rukia amewekwa machozi ambayo hakulia. Watu waliinunua wakidhani ni msiba, wakaiona kweli ni msiba, ikasahaulika kabla ya mvua kwisha. Jina langu lilikuwemo, nyuma ya kava, herufi ndogo, limekosewa. La Skola halikuwemo. Alikuja chumbani kwangu kuitazama kwenye runinga ya kuazima, nikamsongea ugali, akaitazama yote huku sahani ikiwa mapajani. Kinanda kililia mwanzo mpaka mwisho. Mti ulipotokea alisema, "Kinanda kizuri." Nikaanza kumwambia habari za kanda, kwamba zilipata kuvu, unajua chumba changu, unyevu, nikaeleza kwa urefu sana. Aliosha sahani zote mbili, akaning'iniza taulo, akaenda. Hakugombana nami hata siku moja. Alianza kuuza chakula, akaolewa, akaachika, na mara nyingi nilikula kwake, akanipa nyama kubwa kama mteja mwingine yeyote wa zamani. Lakini kusimulia kwa kusimama hakusimulia tena mbele yangu. Alinipa habari za mji akiwa amekaa.

Mimi nimebaki na duka la kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Ile kamera ya kanda niliiuza. Filamu nyingine sikupiga, na watu wakiniuliza husema soko liliharibika, nao hukubali, kwa kuwa soko kweli liliharibika. Uchovu nilionao si wa kazi. Ni wa mtu aliyeshikilia uongo mmoja mdogo kwa miaka ishirini na zaidi, uongo wa kuvu, ambao hata aliyeambiwa hakuuamini.

Juzi aliingia dukani Anjela, binti mkubwa wa Skola, muuguzi, macho na mashavu ya mama yake. Alinipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, nikamvutia kiti. Alikuwa na lile kava la helikopta ndani ya mfuko wa plastiki, limepauka, sikujua kama mama yake alilitunza.

"Mjomba, nimeiangalia hii jana," alisema. "Mama hayumo."

"Hayumo."

"Alinisimulia akiwa wodini. Alisema sauti yake ilikuwemo, nyuma ya kochi, na watu walicheka sana kibandani. Akasema yeye mwenyewe ndiye aliyekuomba uifunike, eti alikuwa anaona aibu." Alinitazama. "Nilitaka kujua tu kama kuna mahali imebaki."

Kwa hiyo Skola alikuwa ameniwekea mlango wazi. Katika siku zake za mwisho, akiwa na maumivu yake, alikuwa ameutafuta uongo ulio bora kuliko wangu, akaubeba yeye. Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu, Anjela angechukua mfuko wake akaenda, na sisi wawili tukabaki na Skola mwenye haya.

"Hakuniomba," nikasema. "Aliniomba nisiiondoe. Nikamwahidi, mara mbili. Niliifuta mwenyewe, na kanda nikazipigia kipaimara. Haijabaki popote."

Mteja aliingia na cheti cha kuzaliwa, anataka kopi mbili. Nikamtolea. Karatasi ikaingia upande, nikarudia. Alipotoka Anjela alikuwa bado amekaa, kava mapajani, hana machozi.

"Nilijua," alisema. "Mama yangu hakuwahi kuona aibu hata siku moja."